Ruvuma chini ya kamera: Upelelezi wa anga enzi za Vita Baridi

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

UNAPOTAJWA upelelezi wa anga wakati wa Vita Baridi, wengi hukumbuka ndege ya Marekani aina ya U-2 iliyodunguliwa katika anga la Urusi mwaka 1960, au picha za makombora ya Kisovieti nchini Cuba zilizokaribia kuitumbukiza dunia katika vita vya nyuklia mwaka 1962. Ni wachache wanaokumbuka kwamba bonde la Mto Ruvuma na mwambao wake nalo lilitazamwa na kupigwa picha kutoka angani kwa miaka kumi mfululizo, na kwamba kilichoonekana katika picha hizo, au kilichodhaniwa kuonekana, ndicho kilichoamua bomu lidondoke wapi.

Upelelezi wa anga, kwa lugha nyepesi, ni kazi ya kupata habari za adui kwa kutumia chombo kinachoruka. Upo wa namna mbili. Wa kwanza ni wa macho: rubani au msaidizi wake huruka chini, huangalia dirishani, huweka alama kwenye ramani na kuripoti kwa redio. Wa pili ni wa kamera: ndege hupita juu kwa mstari ulionyooka, kamera ikipiga picha moja baada ya nyingine, kisha filamu husafishwa na kusomwa na mtu aliyekaa mezani. Katika vita vya kusini namna zote mbili zilitumika, na ule wa macho ndio uliokuwa wa kila siku.

Königsberg na Mocímboa

Katika pwani yetu kazi hii ni kongwe kuliko Vita Baridi. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya kivita ya Uingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Kutoka baharini haikuonekana, kwa kuwa mikoko iliificha. Waingereza wakamkodi rubani wa kiraia, Dennis Cutler, pamoja na ndege yake ndogo ya kutua majini iliyoletwa kwa meli kutoka Durban. Novemba mwaka huo Cutler aliiona manowari hiyo kutoka juu, ingawa mwezi uliofuata ndege yake iliharibika na yeye akatekwa na Wajerumani. Ndege nyingine ziliwekwa katika kisiwa cha Mafia, nazo ndizo zilizoelekeza mizinga ya meli za Severn na Mersey hadi Königsberg ikaangamia Julai 11, 1915.

Kusini zaidi, Ureno ilivuka na kuitwaa pembetatu ya Kionga kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, na kwa makubaliano ya Versailles ya mwaka 1919 Ruvuma ukawa mpaka hadi unapomwaga maji yake baharini. Mwaka 1917 Wareno walipeleka Mocímboa da Praia kikosi chao cha kwanza cha ndege za kijeshi barani Afrika, kikiwa na ndege za Farman. Hakikufanya makubwa, mmoja wa marubani wake, Jorge Gorgulho, alikufa huko huko ndege yake ilipoanguka. Lakini uwanja huo ulikuwa umeshatengenezwa, na karibu nusu karne baadaye Wareno walirudi kuruka katika anga hilo hilo.

Ramani zilizozaliwa na karanga

Baada ya Vita Kuu ya Pili, ndege za Jeshi la Anga la Uingereza aina ya Lancaster zilizokuwa zimetengenezwa kubeba mabomu ziliwekewa kamera na kutumwa Afrika. Kikosi namba 82, kikitumia Nairobi kama kituo chake kwa upande huu, kilipiga picha maeneo makubwa ya Afrika Mashariki hadi mwaka 1952. Picha hizo zilipelekwa kwa Idara ya Upimaji ya Makoloni iliyoanzishwa mwaka 1946, ambako zilichorwa ramani za kina za vilima, vijito na njia.

Kazi hiyo ilikuwa ya kiraia, lakini si ya kiraia kabisa. Ramani inayomwonyesha bwana shamba mahali pa kuchimba kisima humwonyesha pia mwanajeshi mahali pa kuvuka mto.

Wakati huo huo Tanganyika ilikuwa imeingizwa katika mradi wa karanga. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu watatu ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ya ukaguzi wake ukifanyika kwa kutazama ardhi kutoka ndani ya ndege. Kutoka juu, nyika ya Kongwa ilionekana nzuri na tupu. Udongo wa mfinyanzi unaogeuka kama saruji wakati wa kiangazi haukuonekana, wala mvua isiyotabirika. Mradi ulikufa mwaka 1951. Kusini ulituachia bandari ya kina kirefu ya Mtwara na mashamba yaliyofyekwa Nachingwea. Reli iliyoziunganisha iling'olewa baada ya Uhuru, lakini mashamba yalibaki, na moja ya mashamba hayo ndilo lililokuja kuwa kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO.

Mataifa makubwa yapanda juu

Ili kuelewa yaliyotokea Ruvuma ni lazima kwanza kuangalia yaliyokuwa yakitokea kwingine. Julai 1955, mjini Geneva, Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipendekeza kwamba nchi yake na Urusi ya Kisovieti ziruhusiane kuruka na kupigana picha. Warusi walikataa, wakiona ni ujasusi uliovishwa nguo za amani. Mwaka mmoja baadaye Marekani ilianza kuruka bila ruhusa. U-2, ndege nyembamba yenye mabawa marefu kama ya ndege-tai, ilipaa zaidi ya mita 20,000, mahali ambako ndege za kivita za wakati huo hazikuweza kufika. Mei 1, 1960 kombora la Kisovieti lilimfikia rubani Francis Gary Powers, naye akashuka kwa mwamvuli na kukamatwa akiwa hai. Marekani ilikuwa imeshatangaza kuwa ile ilikuwa ndege ya hali ya hewa.

Agosti mwaka huo huo Wamarekani walifanikiwa kurejesha filamu kutoka kwenye setilaiti za mpango wa siri ulioitwa Corona. Setilaiti ilipiga picha ikizunguka dunia, kisha ikaangusha kasha la filamu lililonaswa na ndege hewani likishuka kwa mwamvuli. Safari moja tu iliyofanikiwa ilileta picha za eneo kubwa zaidi kuliko safari zote za U-2 juu ya Urusi zilizotangulia. Mpango huo uliendelea hadi mwaka 1972. Warusi nao walikuwa na setilaiti zao, na baadaye ndege za MiG-25 za upelelezi.

Katika mashindano hayo, Afrika Mashariki ilipewa nafasi ya pembeni, ingawa wananchi wake hawakuiona hivyo. Mwaka 1960 Marekani ilianza kujenga Tunguu, Zanzibar, kituo cha kufuatilia vyombo vya mpango wake wa Mercury wa kupeleka watu angani. Kilikuwa kituo cha mawasiliano, lakini wapinzani wake visiwani waliamini kinahusiana na makombora, na haikuwa rahisi kuwashawishi vinginevyo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo hicho kilifungwa. Katika zama ambazo taifa kubwa liliweza kuita ndege ya kijasusi ndege ya hali ya hewa, shaka ya watu wa Tunguu haikuwa ya kijinga.

Vita vyaanza Chai

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam Juni 25, 1962. Vita vyenyewe vilianza Septemba 25, 1964 kwa shambulio la Chai, katika jimbo la Cabo Delgado, upande wa pili wa Ruvuma. Tanzania ikawa mgongo wa vita: mafunzo Nachingwea, ambako wakufunzi wa Kichina walifundisha kuanzia katikati ya miaka ya 1960, matibabu Mtwara, ambako FRELIMO iliendesha hospitali iliyopewa jina la Dk. Américo Boavida, mizigo ikavuka mto kwa mitumbwi na kuendelea kusini juu ya vichwa vya wanaume na wanawake. Jina la hospitali lilikuwa na maana yake. Boavida alikuwa daktari wa Angola aliyeuawa mwaka 1968 Wareno waliposhambulia kambi ya msituni alimokuwa akitibu watu.

Mmoja wa watu wa kwanza kuvuka alikuja kwa ndege. Mwaka 1963, kabla risasi ya kwanza haijalia, rubani wa Jeshi la Anga la Ureno mzaliwa wa Msumbiji, Jacinto Veloso, aliitorosha ndege ya jeshi akiwa na mwenzake João Ferreira na kuirusha hadi Tanganyika, akajiunga na FRELIMO. Baada ya Uhuru alikuwa Waziri wa Usalama wa Msumbiji. Ndege za mafunzo za T-6 alizozijua zilibaki upande wa pili na kugeuzwa kuwa ndege za mashambulizi na za kuangalia porini.

Ureno haikuwa na U-2. Ilikuwa na ndege ndogo ya Dornier Do 27 kutoka Ujerumani Magharibi, yenye injini moja, inayoweza kutua kwenye kipande kifupi cha udongo. Ilinunua zaidi ya 100. Kwa mpiganaji aliyekuwa chini, mlio wa Dornier asubuhi ulikuwa na maana moja: kuna anayetazama, na baada ya saa chache watakuja wanaopiga. Ndege hizo pia zilitumika kuangusha vipeperushi na kuwatangazia watu kwa vipaza sauti wajisalimishe.

Mwishoni mwa mwaka 1968 zilifika Nacala ndege za jeti aina ya Fiat G.91, kikosi kilichojiita Jaguares, yaani chui wa Amerika. Hii ilikuwa ndege ya Kiitaliano iliyobuniwa kwa mashindano ya NATO na kutengenezwa kwa kazi mbili kwa pamoja, kushambulia na kupeleleza. Puani ilibeba kamera tatu, moja ikitazama mbele chini na nyingine pembeni. Ureno ilikuwa imezipata 40 kutoka Ujerumani Magharibi mwaka 1966, zikiwa zimetengenezwa awali kwa ajili ya Ugiriki na Uturuki.

Sharti la mauzo lilikuwa kwamba zitumike katika ardhi ya Ureno kwa ulinzi wa NATO. Lisbon ilijibu kwa utulivu kwamba Msumbiji, Angola na Guinea ni mikoa ya Ureno. Ni jibu ambalo kila aliyelisikia alijua maana yake, na waliotakiwa kulikataa hawakulikataa.

Kwa nini? Jibu liko katikati ya Bahari ya Atlantiki. Katika visiwa vya Azores, vilivyo mali ya Ureno, Marekani ilikuwa na kambi ya Lajes, ambako ndege zake ziliruka kuzitafuta nyambizi za Kisovieti. Mwaka 1964 Washington iliwahi kuibana Ureno hadi ikaondoa ndege za Kimarekani aina ya F-86 kutoka Guinea. Lakini ubanaji wenyewe ulikuwa na kikomo, kwa kuwa mkataba wa Lajes ulikuwa mikononi mwa Lisbon. Hivyo macho ya Marekani juu ya nyambizi za Urusi yalilipiwa, kwa sehemu, na ukimya juu ya macho ya Ureno kando ya Ruvuma.

Picha inasomwaje

Msomaji wa picha za anga hatafuti mtu. Katika picha yenye kipimo cha 1 kwa 20,000, milimita moja ni mita 20 ardhini; kibanda cha mita nne ni sehemu moja ya tano ya milimita, nukta tu. Anachotafuta ni njia. Watu mia wakikaa mahali pamoja kwa mwezi mmoja watachota maji, na miguu yao itachora mstari mweupe kutoka penye miti hadi kijitoni. Mstari unaoishia porini bila kufika shambani wala kijijini humwambia kwamba mwisho wake pana kitu.

Picha hupigwa zikipandana kwa takriban asilimia 60, ili kila mahali paonekane katika picha mbili kutoka pembe mbili tofauti. Akiziweka chini ya chombo chenye lenzi mbili, jicho hili likaona hii na lile likaona ile, miti husimama na mashimo huzama kana kwamba anaangalia kutoka dirisha la ndege. Urefu wa kivuli humpa kimo cha kitu. Ipo pia filamu inayonasa miali isiyoonekana kwa macho, ambayo majani mabichi yaliyo hai hutoka kwa rangi moja na majani yaliyokatwa yakaanza kunyauka hutoka kwa rangi nyingine. Paa lililofunikwa matawi ya jana hujisema lenyewe.

Lakini msitu nao una ujanja wake. Mvua za Mtwara na Cabo Delgado hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na katika miezi hiyo mawingu hulala chini kiasi cha kuifanya kamera isione kitu, huku nyasi zikifunika njia. Ndiyo maana operesheni kubwa zilipangwa kiangazi. Wapiganaji walitembea usiku, walizima moto kabla ya mapambazuko, walilima mashamba madogo madogo yaliyotawanyika badala ya shamba moja kubwa, na walihama kambi. Mikorosho iliyopandwa ovyo ovyo, ambayo bwana shamba hulalamika kwamba haina mistari, ilikuwa kivuli kizuri kuliko hema lolote.

Hesabu ya mchezo huo ilionekana Julai 1970. Jenerali Kaúlza de Arriaga alianzisha operesheni aliyoiita Nó Górdio katika uwanda wa juu wa Mueda, nchi ya Wamakonde, akitumia wanajeshi wanaotajwa mara nyingi kuwa 35,000, pamoja na helikopta, ndege za jeti, mizinga na matingatinga ya kufungua barabara. Kambi kuu za FRELIMO zilijulikana zilipo na zilitwaliwa. Majengo yalikuwepo na silaha nyingi zilinaswa. Wapiganaji wengi walikuwa wameshaondoka. Picha ilikuwa ya kweli siku ilipopigwa. Baada ya hapo FRELIMO ilisukuma vita magharibi, mkoani Tete, na mwaka 1972 ilikuwa imeshavuka kwenda kusini mwa Zambezi, mbali na mahali ambapo kamera nyingi zilikuwa zimeelekezwa.

Kijiji, kambi na kijiji

Upo ugumu mmoja ambao kamera haikuwa na dawa yake, nao ndio uliowagusa zaidi watu wa Mtwara, Lindi na Songea.

Makumi ya maelfu ya wakimbizi walivuka Ruvuma katika miaka ya 1960. Serikali na Umoja wa Mataifa iliwapa makazi, miongoni mwake Rutamba mkoani Lindi ya leo na Muhukuru upande wa Songea. Makazi hayo yalipimwa kwa mistari, nyumba zikapangwa safu kwa safu. Katika kipindi hicho hicho vijiji vya ujamaa vilikuwa vikianzishwa kusini kwa kasi kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi. Moja ya sababu ilikuwa ulinzi, kwa kuwa watu waliotawanyika mpakani hawawezi kulindana. Navyo vilikuwa na safu za nyumba. Ng'ambo ya mto, Wareno waliwakusanya wananchi kwa nguvu katika vijiji walivyoviita aldeamentos, vyenye uzio na safu za nyumba, ili kuwatenga na wapiganaji.

Msomaji wa picha aliyekaa Nampula, basi, alipoangalia pande mbili za Ruvuma aliona umbo lile lile: mistari ya paa, uwanja katikati, njia ya kwenda majini. Moja ni wakimbizi, jingine ni wakulima, jingine ni mateka wa jeshi lake mwenyewe, na jingine huenda ni kambi ya wapiganaji. Paa halisemi nani analala chini yake. Ilimbidi aulize kwa njia nyingine, kwa mateka na wapelelezi wa ardhini, au akisie.

Vijiji vya Tanzania vilivyo kando ya mto vilishambuliwa zaidi ya mara moja katika miaka ya vita, na mabomu ya kutegwa ardhini yalifanya njia za mtoni kuwa hatari. Wazee wa pande za Newala na Kitaya waliokuwa watoto wakati huo walikua wakijua kwamba ndege ikisikika mtu hasimami mahali peupe.

Tanzania yatafuta macho yake

Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa Septemba 1, 1964, wiki chache kabla ya Chai. Kikosi chake cha ndege kilikuwa kianze kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, nchi ile ile iliyokuwa ikiiuzia Ureno Dornier. Mpango huo haukudumu. Mapema mwaka 1965, kwa sababu ya ugomvi kuhusu uwakilishi wa Ujerumani Mashariki nchini, Bonn iliondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu Julius Nyerere akakataa kupigiwa magoti kwa ajili ya misaada iliyobaki. Wakanada walichukua nafasi hiyo hadi mwaka 1970, wakifundisha marubani kwa ndege za uchukuzi. Ndege za uchukuzi hazimzuii Dornier.

Novemba 22, 1970 Wareno walivamia Conakry, mji mkuu wa Guinea, nchi huru iliyowahifadhi wapigania uhuru kama Tanzania ilivyowahifadhi wa FRELIMO. Ujumbe ulisomeka Dar es Salaam bila mkalimani. Miezi mitatu baadaye TANU ilitoa Mwongozo wa 1971, ambao pamoja na mengine ulitaka wananchi wafundishwe ulinzi wa mgambo. Wachina walileta ndege za kivita na kujenga kambi ya anga ya Ngerengere. Mpakani, mlinzi mkuu wa anga kwa muda mrefu alibaki kuwa sikio la mwanamgambo.

Mwaka 1974 wapiganaji wa FRELIMO walianza kutumia kombora la Kisovieti la Strela, linalorushwa kutoka begani na kufuata joto la injini. Lilikuwa limeshawatikisa Wareno nchini Guinea mwaka uliotangulia. Ndege ya polepole ya kuangalia kwa macho ilikuwa haina tena usalama wake. Lakini Aprili 25 mwaka huo jeshi la Ureno lenyewe liliipindua serikali ya Lisbon, na Septemba 7 mkataba wa uhuru wa Msumbiji ukatiwa saini Lusaka.

Kutambua ndege kutoka chini ni kugumu kama kutambua kambi kutoka juu. Somo hilo lilikuja kwa uchungu mwishoni mwa 1978 upande mwingine wa nchi, vita vya Kagera vilipoanza: ndege tatu za jeshi letu zilidunguliwa karibu na Musoma na walinzi wetu wenyewe.

Doria za baharini

Baharini mashindano yalikuwa ya mataifa makubwa yenyewe. Kwanza walikuja Waingereza. Kuanzia Machi 1966 ndege zao za Shackleton zilirukia Majunga, Madagascar, zikipekua Mlango wa Msumbiji kutafuta meli za mafuta zilizokuwa zikielekea Beira kuihudumia Rhodesia ya Ian Smith. Doria ya ndege iliendelea hadi 1972, ya manowari hadi 1975. Ziliona meli nyingi, na Rhodesia ikaendelea kupata mafuta kwa njia nyingine, ikiwamo Afrika Kusini.

Manowari za Kisovieti zilianza kukaa katika Bahari ya Hindi mwaka 1968. Desemba 16, 1971 Umoja wa Mataifa, kwa pendekezo la Ceylon lililoungwa mkono na Tanzania, ulitangaza bahari hii kuwa ukanda wa amani. Marekani ikaendelea kujenga Diego Garcia, baada ya wenyeji wa visiwa vya Chagos kuhamishwa kwa nguvu, na ndege zake za P-3 Orion zikaitumia kuwinda nyambizi. Warusi walijenga Berbera, Somalia. Juni 1975 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, James Schlesinger, aliwaonyesha maseneta picha za anga za Berbera akidai zinaonyesha ghala la makombora. Serikali ya Siad Barre ilikanusha. Ilikuwa mara chache kwa picha ya upelelezi ya eneo letu kuanikwa hadharani, na ilianikwa wakati Washington ikitaka fedha za Diego Garcia ziidhinishwe. Somalia iliwafukuza Warusi Novemba 1977, nao wakahamishia doria zao Aden. Kwa makubaliano ya mwaka 1980, Mombasa ikafunguliwa kwa meli na ndege za Marekani.

Filamu zilizobaki

Februari 1995 Marekani iliziondolea usiri picha zaidi ya 800,000 za Corona na mipango iliyohusiana nayo. Mkataba wa kuruhusiana kuruka na kupiga picha, wazo lile la Eisenhower, ulitiwa saini mwaka 1992 na kuanza kutumika 2002. Marekani ilijitoa 2020 na Urusi ikafuata 2021.

Mpaka wa Ruvuma haukupumzika kutazamwa. Vita vilivyozuka Cabo Delgado mwaka 2017 vilivuka mto Oktoba 2020 kwa shambulio la kijiji cha Kitaya, na Palma iliposhambuliwa Machi 2021 dunia iliangalia uharibifu wake kwa picha za setilaiti za makampuni binafsi, picha ambazo katika miaka ya 1960 zingekuwa siri ya serikali mbili tu.

Picha za ndege za Waingereza zilizozaa ramani zetu zimehifadhiwa Edinburgh, Scotland, katika ghala la taifa la picha za anga. Wataalamu wa mazingira huzitumia picha za namna hiyo kwa jambo ambalo marubani wa Lancaster hawakulifikiria: kuziweka kando ya picha za setilaiti za leo na kupima ufukwe umeliwa kiasi gani, mikoko imepungua wapi, na mchanga umehamia wapi. Mdomo wa Ruvuma, ambao tangu mwaka 2000 umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ni mahali pa kuanzia kazi hiyo.